Sokoni Wanaulizia Sehemu ya Pili

“Mwalimu, leo hutoki hapa bila kusema. Rajabu anarudi au harudi?”

Aliyeuliza alikuwa Halima, muuza samaki wakavu, mwanamke mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya mto. Alisimama mbele ya mkeka wa Somoe, ungo kichwani, mkono kiunoni.

“Sehemu ya pili itasema,” Somoe alijibu.

“Na hiyo sehemu ya pili iko wapi?”

“Inakuja.”

“Inakuja! Tangu mikorosho inachanua unatuambia inakuja. Sasa korosho tumeokota, tumeuza, na fedha tumekula. Umemwacha Zuhura bandarini analia, na sisi umetuacha palepale naye. Mume wangu kaniuliza, unalia nini? Namwambia, Zuhura. Kaniuliza, Zuhura mtoto wa nani?”

Soko la Chikongola, upande ule wa muhogo na samaki, lilicheka lote. Somoe naye alicheka. Alikuwa amejifunza kicheko hicho, kifupi, cha mfanyabiashara, kisichotoka mbali. Kisha akakipanga upya kitabu kimoja kilichobaki juu ya mkeka, ingawa kitabu kimoja hakina namna ya kupangwa.

Kitabu kiliitwa Zuhura wa Shangani. Jalada lake lilikuwa karatasi ya kaki iliyokatwa kutoka mifuko ya saruji, na kilishonwa kwa uzi wa nyavu, kwa sababu Somoe alijua kitabu chake hakisomwi na mtu mmoja. Wanawake watatu wanne walichanga, wakanunua kimoja, kikazunguka nyumba hadi nyumba mpaka kikawa laini kama kitambaa. Uzi wa cherehani usingestahimili.

Kabla ya hapo alikuwa amepeleka mswada Dar es Salaam, kwa wachapishaji wenye ofisi na mihuri. Walikaa nao mpaka akaanza kusahau sura za watu aliowaumba. Jibu lilipokuja lilisema hadithi ni nzuri ila karatasi hakuna. Karatasi hakuna! Na kila wiki yeye Somoe, mwalimu mwenye stashahada, alikuwa akifundisha kisomo cha watu wazima, akina mama waliojua kusoma juzi tu, wenye njaa ya maandishi, na cha kuwapa kilikuwa kijitabu cha mbolea ya pamba. Pamba yenyewe Mtwara hailimwi. Basi akanunua karatasi mwenyewe na stensili mwenyewe, zile karatasi za nta za kupigia chapa, akakubaliana na ofisi ya elimu ya watu wazima atumie mashine yao ya kurudufu, naye awafundishie darasa la ziada bila malipo. Akapanga bei. Akakataa kukopesha. Walimu wenzake, watu wenye mishahara, walitaka wapewe bure kwa ajili ya urafiki; wauza muhogo walifungua ncha za kanga zao wakalipa. Somoe hakuwasahau, hawa wala wale.

Na sehemu ya kwanza aliikata pale alipojua pataumiza: Rajabu, karani wa bandari, anapanda meli bila kugeuka nyuma, na Zuhura amesimama kwenye uzio. Kwa biashara, palikuwa mahali pazuri pa kukata. Ila sasa soko zima lilimngoja Rajabu arudi, na aliyemwandika alimngoja kuliko wote.

“Mwache mwenzio,” alisema Bi Mwanakombo kutoka mkeka wa pili. “Huoni alivyokonda? Hadithi haipo.”

“Ipo,” Somoe akasema.

“Haya. Ipo.”

Bi Mwanakombo aliuza makopa, muhogo mkavu uliokatwa vipande vyeupe kama chokaa. Hakujua kusoma wala hakutaka kujifunza. Alisomewa na wajukuu, na kila waliporuka mstari alijua. Alikuwa mtu wa Mafia kwa baba na mama, aliyeletwa huku na ndoa akiwa msichana, na mambo mengi ya watu wa Mtwara aliyatazama hadi leo kama mchezo wa watoto wa jirani.

Hadithi ilikuwa wapi? Shangani, katika nyumba ya walimu, stensili mpya zilikaa sandukuni bila alama hata moja. Jioni Somoe alitembea kando ya bahari kama watu wote wa Shangani wanavyotembea, akaamkia, akaamkiwa, akarudi. Mama yake alikuwa amehamia Msimbati kwa kaka yake, Mjomba Hamisi, tangu vijiji vya ujamaa vianze kupangwa. Somoe alipika chakula cha mtu mmoja, akala upande mmoja wa sahani, akaosha. Upweke wa kukosa watu unatibika. Mtu huenda sokoni, akapona. Wake ulikuwa wa kukosa mtu mmoja, na huo aliubeba hadi sokoni pamoja na mkeka.

Mkono wa mwanamume ulishuka kutoka juu, ukakichukua kitabu.

“Hiki cha mtani wangu. Nakichukua bure.”

Somoe hakuinua macho mara moja. Aliutambua mkono kwanza: vidole virefu, na weusi wa wino uliozama kwenye ukucha wa kidole gumba, ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa. Halafu mkono wa shati jeupe, wenye mikunjo ya safari. Halafu uso.

Gaudensi Komba.

“Wangoni,” alisema, na sauti yake ikatoka imara kuliko alivyotegemea, “zamani mlikuja na ngao kupora ng'ombe. Leo mnapora vitabu?”

“Ng'ombe mlikuwa nao? Nyie Wamakonde mlitukimbia mpaka mkafika baharini. Mngepata mtumbwi mngefika Bara Hindi.”

“Na nyie mlipoiona bahari mkadhani mbingu imeanguka. Mkarudi Songea mbio, ngao mmeziacha njiani!”

Soko likapasuka. Halima alishika ungo wake usidondoke. Kati ya Wangoni na Wamakonde utani ni wa tangu mababu: watukanane wapendavyo, mmoja amchukulie mwenziwe kitu mbele ya macho yake, na anayekasirika ndiye anayepata aibu. Mtani halipi. Gaudensi, karani wa bandari, alianza kwa kuchukua kalamu ya Somoe, walipokutana darasani kwenye kisomo cha watu wazima alikokuja kujitolea kufundisha hesabu. Kisha akachukua mwavuli wake. Kisha akachukua jioni zake zote, akampigia chapa stensili zake zote, akamwita “mke wangu” mbele ya mkuu wa ofisi, na hakuna aliyegeuza shingo. Mtani huyo, acha aseme.

“Shikamoo, mama,” Gaudensi alimwambia Bi Mwanakombo.

“Marahaba, baba. Tanga wazima?”

“Wazima. Nimekuja kuchukua vitu vyangu nilivyoacha nilipohamishwa. Naondoka na meli leo hii alasiri.”

Leo hii alasiri. Somoe aliyasikia maneno hayo yakishuka ndani yake, yakitafuta pa kutua.

Halima alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama Gaudensi kutoka kichwani hadi viatuni, taratibu. Karani. Bandari. Meli. Mdomo ulianza kufunguka.

“Kwani huyu ndiye…”

“Halima,” alisema Bi Mwanakombo, “samaki wako wanaliwa na paka.”

“Paka yuko wapi?”

“Katafute.”

Gaudensi aliinama kidogo. Utani ulikuwa umekwisha usoni mwake, kama taa iliyopulizwa. “Somoe, nina neno. Si la hapa.”

*

Ofisi ya elimu ya watu wazima haikuwa na kazi Jumamosi, lakini Somoe alikuwa na ufunguo. Aliufungua mlango wote na kuuegemezea jiwe, ili wapita njia waone kwamba hakuna cha kuona. Chumba kilinuka wino na vumbi. Mashine ya kurudufu ilikuwa mezani, imefunikwa.

Gaudensi aliinua pembe ya kitambaa, akashika mkono wa mashine, akauzungusha mara moja. Ulilia.

“Hamuitii mafuta?”

“Haina kazi.”

“Na sehemu ya pili?”

“Hata wewe? Nenda kasimame nyuma ya Halima.”

“Nauliza kama mpiga chapa.”

“Mpiga chapa alihama.”

“Alihamishwa, Somoe. Serikali ilimhamisha.”

“Serikali ilikukataza pia kugeuka?”

Gaudensi aligeukia mlango. Nje baiskeli ilipita, kengele ikalia, ikapotea.

“Ulikuja bandarini?” aliuliza kwa sauti ndogo.

“Nilisimama kwenye uzio mpaka meli ikawa kama kisanduku cha kiberiti. Ulipanda ngazi na sanduku lako la bati. Hukugeuka.”

“Nigeukeje? Nani aliandika kwamba sikugeuka?”

“Kile ni kitabu.”

“Kile ni kitabu na mimi ndiye niliyekipiga chapa!” Aligonga meza kwa kidole, pale ilipokuwa ikikaa taipureta. “Kwenye kiti hiki. Herufi moja moja. Rajabu akapanda meli bila kugeuka nyuma. Unaijua stensili ilivyo. Ukikosea lazima upake dawa, usubiri ikauke, ugonge upya. Nilikosea sentensi ile mpaka chumba kizima kikanuka kama rangi ya kucha. Na wewe ulikuwa umekaa pale, unakata majalada. Uliniambia nini?”

Somoe alikumbuka.

“Uliniambia, ‘Gaudensi, fanya haraka, hapo ndipo panapouza.’ Ulinibadilisha jina, sawa. Ukanisilimisha bila kuniuliza, ukaniita Rajabu, sawa. Lakini barua yangu ya uhamisho ilikuja Jumanne, na kabla ya wiki kwisha ulikuwa umeshanipakia melini. Nilipiga chapa kuondoka kwangu mwenyewe. Nikasema basi. Nimeshajibiwa mara ya pili.”

“Mara ya pili? Mara ya kwanza uliuliza nini?”

Gaudensi alimtazama. Somoe aliyajua macho hayo yakiwa na kicheko. Bila kicheko yalikuwa ya mtu mwingine, aliyechoka, aliyelala vibaya nyumba za kupanga.

“Somoe, usinifanyie utani.”

“Sifanyi.”

“Nilileta posa.”

Mkono wa mashine ulishuka wenyewe, ukagota.

“Kwa nani?” Somoe aliuliza.

“Kwa mjomba wako. Niliambiwa kwenu mwenye neno ni mjomba. Nilimtuma baba mdogo wangu, Mzee Emmanueli, yule seremala. Alivaa koti, kwa joto lile la Msimbati. Akafika mlangoni akasema, ‘Tumekuja kumchukua mwanamke wetu.’ Wakammwagia maji. Wakaficha baiskeli yake. Wakampikia pweza, mzee wa watu ambaye hajawahi kumwona mnyama wa namna ile, wakamwambia, ‘Kula, hii ndiyo mikono ya bibi harusi.’ Akacheka, akala, akangoja wamalize ili aseme lililompeleka. Kila akilisema wanaongeza kicheko. Mwisho mjomba wako akasema, mwambie mwanao alete simba hai, kamba shingoni. Baba mdogo alirudi mjini koti limelowa. Akaniambia, ‘Mwanangu, wamekataa. Wamekataa huku wanacheka.’”

Somoe alivuta kiti akakaa.

Siku ya Idi. Sahani zimekwisha kuoshwa, watu wameshiba, na Mjomba Hamisi akaanza: watani zako, Somoe, walikuja kukuposa, tukawamwagia maji! Nyumba nzima ilicheka. Yeye alicheka kuliko wote, kwa sababu Gaudensi alikuwa ameondoka na jina lile lilikuwa linauma, na kicheko kilikuwa mahali pa kulificha. Akaongeza la kwake, kama kawaida yake ya kutoweza kuacha hadithi ya mtu bila kuinogesha: simba mmoja? Mngedai wawili, dume na jike! Mjomba alifuta machozi ya kicheko.

“Nilisikia,” alisema. “Siku ya Idi. Mjomba alilisimulia, na mimi… Gaudensi, mtani anakwenda kumposa mtani, ni nani atakayeamini? Hamkujua kwamba hapo anatumwa mtu wa kando? Mtu asiye Mngoni wala Mmakonde, ambaye akiingia mlangoni hakuna anayecheka?”

“Tungejuaje? Kwetu posa inapelekwa na baba.”

“Na wewe mwenyewe, mbona hukuniambia?”

“Nilikuambia kila siku! Nani alikuwa anakuita mke wangu?”

“Kwa utani!”

“Na ukanijibu kwa utani. Mara moja tu nilikuuliza jambo bila kucheka, jioni ile ufukweni, barua ikiwa mfukoni. Nilikuuliza, unaandika kwa nini? Ukasema biashara. Nikakuuliza, na mimi ni nani katika biashara hiyo? Unakumbuka ulichosema?”

“Mpiga chapa asiye na mshahara.”

“Basi.”

Hapo hasira ya Somoe ilipanda, ile hasira yake iliyowatetemesha hata wakaguzi wa shule. Alisimama.

“Na ulitaka niseme nini? Nimekaa na neno hilo biashara kama mtu anavyoweka fimbo nyuma ya mlango. Nikisema naandika kwa sababu nina mambo moyoni, watacheka: mwalimu mzima, hana mume, anaandika mapenzi asiyoyajua. Nikisema ni biashara, wananyamaza. Wananiheshimu.”

“Mimi si watu, Somoe.”

“Wewe ulikuwa mbaya kuliko watu. Wewe hukuwahi kulipa.”

“Kulipa?”

“Hukununua hata kimoja! Sikiliza. Anayepewa bure atakuambia ni kizuri, kwa sababu ameshukuru. Anayechukua kwa utani anacheka, anakitupa kitandani. Lakini mwanamke anayefungua ncha ya kanga, akatoa fedha ambayo ingenunua chumvi, akanipa mimi, huyo ametaka kunisikia. Hakuna aliyemlazimisha. Kule kwangu, nikinyamaza mimi, nyumba nzima imenyamaza, Gaudensi. Najisikia nikimeza maji. Jumamosi nikiona mkono unafungua kanga, najua nimesikika. Biashara yangu ndiyo hiyo. Haya, jibu lako hilo, limechelewa kwa safari moja ya meli.”

Alikuwa anahema. Gaudensi hakuondoa macho kwake.

“Na mimi ukadhani sikutaka kukusikia.”

“Ningejuaje? Ulichukua. Kalamu, mwavuli, jioni. Mtani hachagui, anachukua kilicho karibu.”

Kutoka bandarini honi ya meli ilisikika, nzito, ndefu. Wote wawili waligeuza vichwa mlangoni, kama watoto walioitwa na mama yao.

“Hiyo ya kwanza,” Gaudensi alisema. “Bado kuna nafasi kidogo.” Akakunja kitambaa cha mashine, akakikunjua tena. “Mama yangu kule Songea amenitafutia mtu. Anaitwa Magreth. Mimi sijasema neno bado. Likizo yangu ni baada ya Pasaka, na hapo anataka jibu.”

“Unaniambia ili iweje?”

“Ili usije ukalisikia kwa watu ukadhani ni utani.”

Somoe aliangalia nje, kwenye mwanga mkali wa njia. Alitaka kusema neno moja, neno fupi ambalo Zuhura angelisema bila shida katika ukurasa wowote. Yalimtoka mengine.

“Mjomba atauliza dini.”

“Aulize.”

“Atauliza kwa nini amtoe mtoto wa dada yake kwa mtu anayehamishwa kama gunia. Na mimi nitauliza huko Tanga atanisoma nani. Akina Halima ninawajua. Najua wanalia wapi na wanaruka wapi.”

“Waulize! Na wewe uulize! Ndicho ninachokitaka, Somoe, mniulize. Nimekataliwa na watu wanaocheka. Hapo mtu hawezi kulia, hawezi kukasirika, hawezi hata kukubali akaondoka. Mjomba wako akinikataa akiwa amekunja uso, nitajua nimekataliwa. Nitakwenda zangu.”

Alikitoa kitabu kwapani, akakiweka juu ya mashine. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa fedha, akaiweka juu ya jalada.

“Hiyo ya nini?”

“Bei yake.”

“Gaudensi, acha utani.”

“Huoni kwamba nimeuacha?” Akaweka fedha nyingine kando ya ile ya kwanza. “Na hii ya sehemu ya pili.”

“Haijaandikwa.”

“Najua. Sokoni husemi kwamba hukopeshi? Hujasema kwamba hukopi. Nakukopesha mimi.” Alikichukua kitabu, akakiingiza ndani ya shati, upande wa kushoto, kama mtu anayekinga kitu na mvua. “Wala usimrudishe Rajabu kwa sababu ya fedha hii. Akizama, azame. Ila aandikwe. Nimechoka kusimama kwenye ngazi.”

Alitoka. Somoe alisimama mlangoni, mguu mmoja kwenye jiwe. Aliuona mgongo ule, shati lile lenye mikunjo, likienda katikati ya njia nyeupe. Mgongo alikuwa ameuzoea. Alikuwa ameuandika, ameuuza. Alijiandaa kwa mgongo.

Penye kona, Gaudensi aligeuka.

Hakupunga mkono, hakupiga kelele ya Wamakonde na mitumbwi. Alimtazama tu, uso mtupu, hadi gari la mizigo likapita kati yao, na lilipokwisha kupita hakuwepo. Somoe alibaki ameshika nguzo ya mlango. Mgongo ule alikuwa na pa kuuweka. Uso usiocheka hakuwa na pa kuuweka, na upweke alioujua ukawa mkubwa kuliko chumba.

*

Aliporudi Chikongola, jua lilikuwa limewafukuza wanunuzi. Halima alikuwa amerudi zamani, paka hakumwona. Mkeka wa Somoe ulikuwa mtupu.

“Haya, mtani kakuibia na cha mwisho,” Halima alisema, tayari kucheka.

“Hakuiba. Amelipa.”

Bi Mwanakombo alikuwa akipanga vipande vya makopa, kikubwa chini, kidogo juu. Mkono wake ulisimama hewani.

“Amelipa nini?”

“Kitabu.”

“Yule Mngoni? Amekulipa wewe?”

“Bei kamili. Na cha pili, ambacho sijaandika.”

Somoe aliifungua ncha ya kanga yake akawaonyesha, kwa sababu alijua wasingeamini. Kisha akangojea kicheko. Alikuwa amekwisha kuandaa na lake la kuongezea, lilikuwa mdomoni.

Hakuna aliyecheka. Halima, Mmakonde mtupu, aliyekuwa amewaibia Wangoni tangu utotoni na kuibiwa nao, alizitazama zile fedha kama mtu anayeangalia kitu kilichookotwa ufukweni. Akatua ungo wake chini.

“Mwalimu,” alinong'ona, “mtani halipi.”

“Najua, Halima.”

Bi Mwanakombo alijifuta unga wa muhogo mikononi, kidole baada ya kidole.

“Mjomba wako yuko Msimbati?”

“Yuko, mama.”

“Mimi ni mtu wa Mafia,” alisema. “Wangoni siwatanii, nanyi siwatanii. Miaka yote hii mnacheka, mnamwagiana maji, na mimi nawatazama. Nikiingia mlangoni kwa mtu, maji ya kunimwagia mimi hayajachotwa.” Akajitanda kanga yake vizuri, kama vile safari ilikuwa ni sasa hivi. “Yule kijana akiniletea neno, hata kwa barua, nitalipeleka. Nitakwenda nimenuna. Mjomba wako anaweza kukataa. Ila atakataa akiwa amekaa kitako.”

Somoe aliushika mkono wake kwa mikono miwili. Kule bandarini honi ililia tena, mara hii bila kukatika, na kila mtu sokoni aliijua maana yake.

Halima alijongea, akakaa juu ya mkeka mtupu, bega lake likigusa la Somoe. Alinuka samaki na moshi. Kisha akauliza, taratibu, si kwa sauti yake ya kuvuka mto:

“Mwalimu. Anarudi?”

Somoe alifunga ncha ya kanga yake, akalikaza fundo.

“Sijui, Halima,” alisema.

Wakakaa, wakaisikiliza meli hadi ikaacha kusikika.